Mita Tisa Nilizomwambia Mwalimu

Mwalimu alikuwa haingii kwenye maji asiyoyajua mpaka ayapime mwenyewe, au apimiwe na mtu anayemwamini. Mtu huyo anayemwamini, kwa miaka minne ya mwisho ya kazi yake, nilikuwa mimi. Nimeanza na hilo makusudi, ili anayesoma asije akanionea huruma huko mbele. Hii ni habari ya mtu mwema, na mimi ndiye niliyemharibia.

Tulimwita Mwalimu tu. Jina lake ninalo, lakini sijioni kama mtu mwenye haki ya kulitumia. Zamani alikuwa askari wa majini, akastaafu, kisha akajiunga na kikundi chetu kidogo cha wazamiaji wa kukodiwa. Tulikuwa watu watano, na tuliitwa kila kitu kinapozama: injini ya boti kule bandari ya Port Bell, pampu ndani ya bwawa, na, mara nyingi kuliko tulivyopenda, binadamu. Wote wanne tuliobaki alitufundisha yeye, mmoja mmoja, kwa uvumilivu ambao nyumbani kwetu sikuwahi kuuona.

Kamba yake ya kupimia ilikuwa ya nailoni, nyeupe zamani, siku hizo imekuwa rangi ya chai. Kila mita ilikuwa na fundo, na kila mita tano kitambaa chekundu kilichochanwa kutoka kwenye shuka la marehemu mkewe. Mwishoni paling'inia timazi, kile chuma kizito ambacho waashi hunyooshea ukuta, na chini ya timazi alibandika kipande cha sabuni ya mche. Watu waliokuja kutazama walidhani mzee anataka kufua. Kumbe sabuni ndiyo kazi yenyewe. Chuma kikigusa chini, sabuni inaokota kilichoko huko, iwe ni tope, mchanga, chembe za mawe au vipande vya konokono. Mwalimu aliipandisha, akaisoma kwa kidole gumba, akainusa, ndipo akasema tunaingia au hatuingii.

Alipima mara tatu: kando, katikati, na ng'ambo. Kila namba iliandikwa kwenye kibao kwa penseli kabla kamba haijatupwa tena. Kisha aliongeza chake. Majedwali ya wazamiaji yametengenezwa kwa ajili ya bahari, na sisi Kampala tuko juu, hewa yetu nyepesi, kwa hiyo kila mita kumi Mwalimu aliihesabu kumi na moja na nusu. Mimi hesabu hiyo niliona ni kujisumbua. Sikusema, lakini nilikuwa na uso unaosema, na yeye alikuwa akiutazama huo uso wangu na kucheka.

Usidhani alikuwa mzee wa kuchukia mashine. Mmoja wetu alileta kifaa cha kupima kina kwa sauti, cha kushika mkononi, na Mwalimu alikipenda mno. Alikivalisha soksi kisikwaruzwe. Alikitumbukiza kwenye maji, akasoma, halafu akatupa kamba palepale, akasoma tena. Ziwani, penye tope laini, namba hazikuwa sawa hata siku moja. Kifaa kiliona mgongo wa tope, na timazi lilipita tope likaenda kukaa kwenye ardhi ngumu. Alituambia namba zote mbili ni za kweli, na kwamba mguu wa mtu hukwama hapo katikati yake.

Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Katika mji huu, ukizungumza Kiswahili barabarani, kuna watu bado wanashika mifuko yao, kwa sababu wazee wao walikisikia kutoka kwa watu wenye bunduki. Mimi mwenyewe ni mtoto wa askari kutoka kaskazini, nimekulia kwenye nyumba za polisi, na Kiswahili nilikijua kwanza kama lugha ya baba anapokaripia. Kwa Mwalimu nilikisikia kikitumika kwa upole. Nyumbani waliongea Kinubi, sokoni aliongea Luganda, lakini kazi aliifundisha kwa Kiswahili, na hakujali ngeli hata kidogo. Maji ilikuwa iko, kamba ilikuwa iko, mtungi ilikuwa iko. Na aliyezoea kumsikiliza hakukosa kumwelewa.

Neno alilolichukia ni "nafikiri". Siku ya kwanza aliniuliza mtungi wangu una hewa kiasi gani, nikajibu nafikiri umejaa. Alinitoa kwenye boti. Hakupiga kelele. Alinishika kiwiko kama unavyomshusha bibi kizee kwenye ngazi, akaniketisha gatini, wakaenda kazini bila mimi. Waliporudi akanipa nusu ya chapati yake na kuniambia kwamba kufikiri ni kazi ya nchi kavu, majini nimletee namba. Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nikarudi nikiwa nimepima mtungi mara mbili.

Alikuwa na visa vya kuchekesha. Hoteli moja ilitukodi tufundishe wafanyakazi wake kuokoa watu kwenye bwawa la kuogelea. Kwenye vigae pameandikwa mita mbili, kwa herufi kubwa za buluu, na maji ni maangavu kiasi cha kuhesabu sarafu chini. Mwalimu akatoa kamba. Wageni waliokuwa wamelala kwenye viti wakainuka kutazama. Akapima kando, katikati na ng'ambo, na sisi tumeinamisha vichwa kwa aibu, aibu ya kijinga, kwa kuwa aibu ya kweli nilikuwa bado sijaijua. Zikatoka mita mbili kila mahali. Akakunja kamba, akamwambia meneja kwa furaha kabisa, akianza na "sawa" ya Luganda, "Kale, nyinyi ni watu ya ukweli."

Na kuna siku mvua ilijaza njia kule Namuwongo, karibu na reli, maji ya kahawia yamesimama mahali ambapo watu hupita kila siku. Wanawake walikuwa wamekunja gomesi, yale magauni yao marefu, wanavuka. Mwalimu akaokota ubao, akawatangulia akichokoa mbele yake, wakamcheka. Katikati ya njia ubao ukazama wote, na mkono wake juu yake hadi begani. Mfuniko wa mtaro ulikuwa umeondoka. Alisimama pale kando ya tundu, maji yakimfika kwenye mapaja, akiwaelekeza watu wapite pembeni, hadi vijana walipoleta tairi la kuweka alama. Alichelewa swala ya alasiri na akawa na hasira njia nzima, lakini si kwa watu, kwa mvua.

Sasa mtu huyu anayepima bwawa la hoteli alitia chumvi kwenye chakula kabla ya kuonja. Kila siku. Mchuzi ukimshinda kwa chumvi analalamika, kesho anarudia vilevile. Tena alikuwa mwoga wa kwenda juu. Kwenda chini kwenye giza alikwenda kama mtu anayeingia jikoni kwake, ila ghorofa ya pili ilimtoa jasho. Ofisi ya mteja wetu mmoja pale Nakawa ilikuwa ghorofa ya nne, na Mwalimu alimngoja chini kwenye maegesho, akamtuma mlinzi akamwite ashuke. Aliwahi kuniambia kwamba majini unajua unapokwenda kuishia, hewani hujui. Nikamwambia hata hewani utaishia chini vilevile. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Alikuwa na kiburi pia, nisije nikampaka asali. Hakuomba radhi kirahisi. Akikukosea alikuletea kitu, muwa au betri za tochi, akakuwekea karibu na kuondoka. Aliwaonea wivu wazamiaji wengine. Na alikuwa na mtu wake, yaani mimi, akinisifia mbele ya wenzangu hadi ikawa kero. Alikuwa akisema, huyu akikuambia namba, wewe ingia, usiulize. Nilizoea sifa hiyo. Nikaanza kuivaa kama koti, na mtu akizoea koti anasahau kulifua.

Basi niseme siku yenyewe.

Tuliitwa kwenye shimo la mawe upande wa mashariki wa mji. Walikuwa wamechimba kokoto hapo miaka mingi, wakaliacha, mvua ikalijaza. Mtu alikuwa ameingia kuoga tangu jana yake na hakutoka. Mkewe alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha mbele, halii tena, anatazama maji tu. Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi, na jua limeshaanza ukali.

Mchana ule binamu yangu alikuwa na kwanjula, sherehe ya bwana harusi kutambulishwa kwa wazazi wa mchumba, na mimi nilikuwa katika msafara wa bwana harusi. Kanzu ilikuwa ndani ya gari imetundikwa. Suruali nilikuwa nimeshaivaa, nimeipiga pasi mwenyewe. Mwalimu akanipa kamba, akaniambia nikapime, yeye anaandaa mtungi, kwa kuwa mzamiaji wa zamu alikuwa na mafua na mwenye mafua hazamii. Ili kufika katikati ilibidi nipande kile walichokuwa nacho wenyeji, madebe ya plastiki yaliyofungwa pamoja, yanayovuja maji ya kijani yenye harufu. Nikayatazama madebe. Nikaitazama suruali.

Nilisimama kwenye jiwe lililochomoza ukingoni, nikatupa timazi mara moja. Mita tisa. Sabuni ikapanda na chembe za mawe, chini pagumu, pasafi. Nikaandika kwenye kibao: kando tisa. Halafu, bila kutoka pale, nikaandika katikati tisa na nusu, ng'ambo tisa. Ile nusu ndiyo inayonichoma hadi leo. Mtu mvivu angeandika tisa, tisa, tisa. Mimi nilikaa nikafikiria uongo wangu uwe na sura gani ili usishtukiwe, na nikamtengenezea Mwalimu nusu mita.

Na nilijua. Hapo siwezi kujificha. Mashimo ya mawe huchimbwa kwa ngazi, kipande kimoja kinashuka, kinakaa tambarare, kisha kinashuka tena. Mwalimu alitufundisha hivyo kwa mchoro, kwenye vumbi, kwa kijiti. Jiwe nililosimamia lilikuwa juu ya ngazi ya kwanza.

Nikampelekea kibao. Akasoma, akauliza, "Tisa? Yote?"

Nikasema, "Yote, Mwalimu."

Mtungi aliokuwa nao haukujaa, ulikuwa umetumika siku iliyotangulia. Kwa mita tisa ulitosha na kubaki. Akaingia. Mimi nilishika kamba ya ishara, ile inayofungwa kiunoni mwa mzamiaji, na maji yale yalikuwa giza tupu, hata saa ya kina iliyo mkononi huioni ukiigusisha kwenye kioo cha usoni. Kamba ikaenda mita tisa, ikatulia. Baada ya muda ikaanza kwenda tena. Kumi na mbili. Kumi na tano. Nikajiambia anakwenda upande, anatafuta. Kumi na nane. Kulikuwa na ishara ya kumrudisha, mivuto minne, mkono wangu unaijua kuliko ninavyojua kufunga viatu. Kuvuta kungekuwa kukiri. Nikaiacha kamba iende.

Alipanda ghafla, haraka kuliko alivyotufundisha, hewa imemwishia. Akavua kioo, akasema neno moja tu, kwamba chini ni mbali. Alikaa kwenye jiwe akinywa maji. Nusu saa baadaye alitaka kusimama na mguu wa kulia haukumjibu, maana anayepanda hivyo kutoka mbali hewa humfanyia mapovu ndani ya damu. Akaupiga kwa kiganja kama anaamsha mtu aliyelala, kisha akatutazama.

Wenzangu walimpeleka hospitali. Mimi nilibaki na vifaa. Nikapanda yale madebe, na suruali yangu, nikapima katikati. Mita ishirini na nne. Nikafuta kibao kwa kidole gumba nikaandika upya: kando tisa, katikati ishirini na nne. Marehemu alitolewa kesho yake na wenzangu, kwa mitungi iliyojaa. Kwenye kwanjula nilifika wakati wa chakula, nikala.

Mkuu wa kikundi alitukutanisha pale wodini baada ya siku chache. Mwalimu alikuwa amelala, mguu una hisia kidogo, na akasema wazi kwamba aliambiwa tisa, yote. Mkuu akanigeukia. Nikasema nilimwambia kando tisa na katikati ishirini na nne, na kibao hiki hapa. Mwalimu akaomba kibao. Alikisoma muda mrefu. Sijawahi kuomba kitu kama nilivyoomba dakika ile, nikiomba akasirike, anitukane, aniite mwongo, kwa sababu hapo ningevunjika na kusema. Hakunitazama hata kwa shaka.

Akasema, "Kama huyu amesema aliniambia, basi aliniambia. Kichwa yangu imezeeka."

Hivi ndivyo mtu aliyepima hadi bwawa la hoteli alivyopata jina la mzee aliyeingia bila kusikia kina. Wazamiaji wa mji huu ni wachache, habari ilienea upesi, na kila aliyeisimulia alimalizia na bambi, kwa kumhurumia, huruma ambayo ni mbaya kuliko kicheko. Aliacha kazi. Mimi nikakabidhiwa wanafunzi wake. Siku hizi na mimi naitwa Mwalimu, na kila wanaponiita hivyo nachelewa kuitika.

Mguu ulirudi nusu. Anatembea kwa fimbo, anauburuta kidogo. Lakini mguu si kitu. Kilichoharibika ni kwamba hakujiamini tena. Nilipokuwa nikienda kumwona nyumbani kwake Naguru, nilimkuta anaweka alama za chaki ukutani, moja kwa kila swala, asije akaswali mara mbili. Alama nyingine za dawa. Akiniambia jambo alisimama katikati akauliza kama alikwisha kuniambia. Alikuwa hajaniambia. Kumbukumbu yake ilikuwa nzima kama yangu, nzima kuliko yangu, lakini aliitilia shaka kila dakika, kwa kuwa kulikuwa na siku moja aliyokumbuka tisa na watu wote wakamwonyesha ishirini na nne.

Binti yake, anayeuza mapazia soko la Nakawa, alihamia kwake kumtunza. Mwanamke mchapakazi, mkali kidogo, anampenda baba yake kwa namna ya kumbeba. Alimkatia nyama. Alikaa na funguo za nyumba. Wageni wakimwuliza Mwalimu habari yake, alijibu yeye. Na mimi alinipokea kwa heshima: kaka karibu, kaka kaa hapa, kaka wewe peke yako hujamtupa. Nilikula katogo lake, ndizi na maini, miaka mitatu. Nilitia mkono kwenye sahani ile nikijua. Sina cha kujitetea.

Mwaka huu binti aliamua kumpeleka baba yake mji wa Bombo, kwa mpwa wa mzee, ambako kuna watu nyumbani mchana kutwa. Vyumba vya Naguru wangevirudisha kwa mwenye nyumba. Aliniambia haya kwa simu, akaniomba nilete pikapu siku ya Jumamosi, na kabla ya hapo nizungumze na mzee akubali bila kununa, kwani mimi ananisikiliza. Nikasema sawa. Nilipokata simu nilikuwa nimekaa kwenye kitanda na viatu miguuni, nikakaa hivyo hadi nikasikia adhana.

Jumamosi nilifika mapema. Barazani vitu vilikuwa vimefungwa kwenye mashuka, godoro limekunjwa na kufungwa kamba, masufuria ndani ya beseni. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kanzu safi, kofia, fimbo kati ya magoti, kama mtu aliyefika stesheni saa moja kabla. Binti alikuwa ndani anafagia.

Nilimsalimu. Akauliza wanafunzi wangu wanaendeleaje, nikasema vizuri. Akaniambia nisimwonee huruma, Bombo kuna msikiti karibu, na kwamba mtu asiye na kichwa hafai kuachwa na jiko. Alisema bila uchungu wowote. Nadhani ndipo nikashindwa. Si ushujaa, watu wasinipe sifa nisiyostahili. Nilishindwa kumsikia akiongea hivyo nikiwa nimebeba funguo za pikapu mkononi.

Nilichuchumaa mbele yake. Nikasema, "Mwalimu, sikupima. Nilipima kando tu. Nilikuambia tisa yote, na wewe ulisikia sawasawa. Ishirini na nne niliandika baadaye."

Ndani ufagio ulikuwa ukiendelea. Mwalimu alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama upande wa pili.

Akasema, "Masikio iliniambia. Kule chini, masikio inauma, inasema hapa si tisa. Mimi nikaambia masikio, nyamaza, kijana amepima."

Nililia, lakini kulia kwangu hakukuwa na maana kwa mtu yeyote pale, naye hakukujali. Aliinua sauti akamwita binti yake. Alikuja na ufagio mkononi. Mwalimu akaninyooshea fimbo.

"Rudia," akasema. "Yeye asikie."

Kumwambia mzee kulikuwa kugumu. Kumwambia binti kulikuwa kugumu zaidi, kwa sababu yeye hakuinamisha macho. Nilirudia yote, na safari hii hakuna nilichokiruka, madebe, suruali, ile nusu mita, kibao nilichofuta. Nikasema kamba ilivyokuwa ikienda mkononi mwangu na sikuivuta. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea kofi, na ningelipokea. Aliweka ufagio chini polepole, akanipita kana kwamba mimi ni kimoja cha vile vifurushi, akaenda kupiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba," akamwuliza, "wewe unataka kwenda Bombo?"

Nilitambua kutoka kwa sauti yake kwamba katika miaka mitatu hilo lilikuwa swali la kwanza. Mwalimu naye alitambua. Alichelewa kujibu kama mtu aliyesahau njia ya kujibu.

"Sikutaka," akasema. "Hata siku moja sikutaka."

Binti akainuka, akaanza kufungua fundo la shuka la kwanza. Fundo likamshinda. Nilisogea kumsaidia, akanizuia kwa kiganja bila kunitazama, akasema niache. Mwalimu akasema niachwe nifungue, na nirudishe kila kitu ndani, kisha niende.

Kwa hiyo nilifungua mafundo yote. Nilibeba godoro, nikabeba beseni, nikabeba sanduku la nguo na redio na mkeka wa kuswalia. Mwalimu alinifuata kwa fimbo chumba hadi chumba, akinielekeza mahali pa kila kitu: kabati hapa, hapana, sogeza, kiti upande wa dirisha. Hakusita hata mara moja, wala hakumwuliza mtu. Binti alikuwa amesimama kando ya mlango amejifunika mdomo na kanga. Nilipotua kitu cha mwisho nilikuwa nimelowa jasho, nikasimama tu katikati ya chumba mpaka mzee akaufungua mlango mwenyewe.

Alinisindikiza mpaka barazani, hatua kwa hatua, na mguu wake ule. Akasema, "Kale. Enda salama."

Nikangoja kidogo. Karibu tena hakusema.